Manifoldi ya Gari la Dada

Kambini, 3 Machi

Karani wangu,

Barua hii imesafiri kwenye kabini ya lori la mafuta pamoja na soksi za dereva, kwa hiyo ukisikia harufu usinilaumu mimi. Huku simu ni pambo. Ukitaka mtandao unapanda juu ya kifusi cha mawe, unainua mkono kama mtu anayeita mvua, na bado unashuka mikono mitupu. Tutaandikiana kama watu wa zamani.

Barabara inasogea. Mimi na greda langu tunakwangua mlima tangu asubuhi, na jioni masikio yanaendelea kunguruma hata injini ikishazimwa. Msimamizi bado anawaambia wageni, "Huyo ni mwanamke, lakini..." na mimi bado namwachia sentensi yake aimalizie mwenyewe.

Sasa shughuli. Gari langu liko kwa Fundi Moshi, boneti juu, kama mgonjwa aliyesahauliwa mdomo wazi kwa daktari wa meno. Manifoldi ya hewa, pua ya injini, ilipasuka mwaka jana pale kona ya tangi. Unajua mwenyewe, ulikuwepo. Lazima ifungwe nyingine, na kama ni kufunga nyingine sioni kwa nini nirudie ileile ya plastiki ya kiwandani. Mashindano ya mlimani ni Juni. Fundi anataka jibu na kila nikimuuliza maoni yake anataja moja tu, ile yenye mabomba mafupi mapana kama koo la kiboko, kwa sababu ina mlio mzuri. Fundi Moshi anachagua vifaa kwa masikio.

Chagua wewe. Wewe unasoma hata maandishi madogo nyuma ya chupa ya dawa ya kikohozi. Shuleni fizikia ilikupenda, ukaiacha ukaenda kujificha nyuma ya meza ya bima. Basi leo inakuita. Malipo nimeshamalizana na fundi, hilo lisikusumbue. Utakayochagua ndiyo nitakayopanda nayo mlima. Sitauliza mara mbili.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Dada yako


Nyumbani, 12 Machi

Dada,

Barua imefika, na soksi nazo zimefika kwa njia yake. Mama hajambo. Nilipomwambia unakula aliuliza, "Anakula nini?" akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekunyima. Tafadhali barua ijayo utaje chakula.

Jumamosi nilikwenda kwa Fundi Moshi moja kwa moja kutoka kazini. Nilisahau kwamba nimevaa shati jeupe. Sasa lina alama ya vidole vyake begani, vyote vitano, kama muhuri. Nimekaa naye mchana kutwa, na kabla sijaamua lolote naomba nikuandikie nilivyoelewa ili unisahihishe. Sipendi kuamua jambo lisilo langu kwa kubahatisha.

Hewa inaingia kwa koo moja. Inakutana kwenye chumba ambacho fundi anakiita tumbo. Kutoka tumboni inagawanywa kwa mabomba manne, kila silinda na bomba lake. Manifoldi kazi yake ni kugawa kwa haki, kama mtu anayepakua chakula na hataki mtoto wa mwisho mezani apate tofauti na wa kwanza. Silinda moja ikipata hewa kuzidi mafuta yake, inachemka, na pistoni inaweza kuyeyuka. Fundi alinionyesha iliyoyeyuka. Ilikuwa kama mshumaa. Nilitamani asingenionyesha.

Ile ya kiwandani tukiirudisha hakuna atakayetulaumu, lakini imeshapasuka mara moja. Ile ya fundi, yenye mabomba mafupi na mapana, inaipa injini pumzi kubwa inapozunguka kasi sana. Chini, injini ikizunguka polepole, ni mvivu. Halafu iko ya alumini yenye mabomba marefu na membamba. Hewa ndani ya bomba refu ikishapata mwendo inajisukuma yenyewe, kwa hiyo silinda inajaa vizuri hata injini ikiwa haijakimbia. Ila ikifika juu inaishiwa pumzi. Kuna na nyingine ambayo kila silinda ina koo lake. Fundi alipoitaja alifumba macho kama anayesali, lakini nilipouliza nani ataweza kuyafungua makoo manne kwa pamoja, kwa kipimo kimoja, alifumbua macho akaomba chai. Hiyo nimeiacha.

"Profesa," aliniambia nilipokuwa napima nafasi chini ya boneti kwa rula ya ofisini, "unanunua manifoldi au unaoa?"

Nikamjibu kwamba mtu akioa anaweza kuomba muda wa kufikiri. Alicheka hadi spana ikamponyoka.

Nina swali moja. Mwaka jana ulipokuwa unaikaribia kona ya tangi, ulikuwa gia ya ngapi, na injini ilikuwa juu kiasi gani? Nauliza kwa ajili ya hesabu tu.

Ofisini wamenihamishia meza ya dirishani, na madai yote ya ajali za magari sasa yanapita kwangu. Picha hutangulia, maelezo hufuata. Karibu wote huandika jambo moja: "Gari lilinishinda ghafla." Sijakutana bado na mtu ambaye gari lilimshinda taratibu.

Mdogo wako


Kambini, 21 Machi

Karani,

Wali na maharage. Na yai siku ambazo mpishi hana kinyongo na mtu. Mwambie Mama.

Umeelewa vizuri kuliko nilivyoelewa mimi mwaka wa kwanza. Huna cha kusahihishwa.

Gia ya ngapi? Nani anakumbuka gia? Ilikuwa kona, kulikuwa na kokoto, gari likatoa mgongo nje, basi. Nilitoka nikiwa nacheka, nawe ulicheka, kuna picha yako umeshika bendera unacheka kama umeshinda wewe. Mambo ya kona ya tangi yaishe. Nakuuliza habari ya hewa, unanijibu habari ya kokoto.

Chagua bwana. Mvua zikianza, lori halitapita kila wiki.

Dada yako


Nyumbani, 2 Aprili

Dada,

Nimechagua. Ni ile ya alumini, yenye mabomba marefu.

Sababu zangu ni hizi. Ukuta wake ni mnene, hautapasuka kwa mtikisiko. Inaenea chini ya boneti bila kukata bati. Mabomba yote manne yana urefu sawa kabisa, nimeyapima kwa uzi, kwa hiyo silinda zitapata sawa. Haihitaji kubadili mfumo mzima wa mafuta, isipokuwa kurekebisha kompyuta ya injini, na hilo fundi ana rafiki yake anayelijua. Injini haitalazimika kuzungushwa hadi ukingoni, kwa hiyo itadumu. Tena ni tulivu. Nadhani gari litakuwa na tabia nzuri zaidi kwa ujumla. Utalizoea upesi.

Fundi Moshi hakufurahi. Alisema, "Unamfunga simba kwa kamba ya viatu." Nilimwambia simba ni wa dada yangu na uamuzi nimepewa mimi. Alikwenda akawasha grainda ingawa hakukuwa na kitu cha kusaga.

Kama kuna sababu niliyoisahau, itakuwa ni kwa kutojua.

Mama anasema mpishi apewe zawadi ya kuondoa kinyongo.

Mdogo wako


Gereji, 9 Aprili

Kwa Greda,

Mimi si mtu wa kalamu na wewe unalijua hilo. Ukiona barua yangu ujue kuna jambo.

Manifoldi ndefu imefika, iko hapa mezani inang'aa. Sijaifunga. Kwanza nakuuliza: unajua kwa nini mdogo wako ameichagua? Najua atakuwa amekuandikia sababu. Kijana yule sababu hazimwishi. Lakini mimi na yeye tulizungumza hivi. Aliniuliza, "Fundi, ipi inampunguzia kasi ya mwisho?" Nikadhani nimesikia vibaya, nikazima redio. Akauliza tena. Nikamwambia ndefu, ikifika juu inakata pumzi. Akasema, "Basi hiyo." Halafu akaniuliza kama inawezekana kuweka boliti chini ya pedali ya mafuta ili isishuke hadi chini, na kama dereva angeitambua. Nikamwambia huyo dereva ni dada yako, angeitambua kabla hajafunga mkanda. Akaomba nisikwambie.

Sikumwahidi. Nilikohoa tu.

Sina ugomvi naye. Ni kijana mzuri, anafuta spana zangu kabla ya kuzirudisha, jambo ambalo hata wanangu hawajawahi. Kila jioni yuko hapa na shati lake. Lakini nimefunga injini nyingi maishani na sijawahi kufunga uoga. Na ukifunga mabomba yale gari litakuwa la kubebea mboga. Sema neno, nirudishe ndefu nilete fupi.

Usimpige.

Fundi Moshi


Kambini, 18 Aprili

Ndugu Karani,

Nimepata barua ya fundi. Sasa ndiyo naelewa kwa nini sababu zako zilikuwa nyingi. Mtu mwenye sababu moja ya kweli haongezi tano za kuisindikiza.

Nilikukabidhi injini yangu. Nimekaa huku porini nikiwaringia wenzangu kwamba nina mdogo wangu, msomi, analishughulikia gari langu kuliko mimi mwenyewe. Kumbe ulikuwa umekaa na fundi unauliza boliti za kunizuia mguu. Kama mtoto! Kama mtoto anayewekewa kigingi mlangoni asitoke.

Nikwambie na lingine ili ucheke, maana mimi nimeshacheka kwa hasira. Nyote wawili, wewe na Fundi Moshi, hakuna aliyewahi kupanda ule mlima akiwa na usukani mkononi. Mlima ule hauna mahali pa kasi ya mwisho. Kona zinafuatana kama maneno ya mtu mgomvi. Hujamaliza hii imeshakuja nyingine. Unashinda pale unapotoka kwenye kona, injini ikiwa chini, nani anaruka wa kwanza. Na chini ndiko mabomba marefu yanakotoa nguvu. Mabomba ya fundi yangenichelewesha kila kona. Yako yatalifanya gari litoke kama limepigwa teke. Ulitaka kunifunga kamba, umenipa shoka.

Kwa hiyo hongera. Umechagua vizuri kuliko wote, kwa nia mbovu kuliko wote.

Nimemwandikia fundi asifunge chochote. Na wewe usichague chochote. Kama una neno la kuniambia, nina masikio mawili, na yote bado yanafanya kazi pamoja na hili greda.

Dada yako


Nyumbani, 29 Aprili

Dada,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwa anayeandikiwa. Nimeandika hivyo kwa wajomba na shangazi tangu nijue kushika kalamu, bila kufikiri. Leo nimekaa nikafikiri, nikaona kwamba kwako ndiyo sentensi pekee niliyopaswa kuiandika, na ndiyo niliyoiruka.

Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa na bendera ya njano, ya kuwaonya madereva, pale kona ya tangi. Nilikusikia kabla sijakuona. Mlio ulikuja vizuri, halafu ukabadilika, halafu ukakatika. Uliponijia ulikuwa unakuja kwa ubavu. Magurudumu ya nyuma yalivuka ukingo, gari likalala juu ya ukuta wa mawe, na gurudumu moja likabaki linazunguka hewani, upande ambao hakuna ardhi. Nilikuwa na bendera mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuinua bendera. Sikuinua. Watu wengine walikuja wakaipokea, wakainua wao. Ulipofungua mlango ukatoka unacheka, nilicheka pia, kwa sababu uso wako ulikuwa unaniomba nicheke. Ile picha ilipigwa hapo.

Tangu siku hiyo, kila faili linalofika mezani kwangu nalifungua kwa kuanzia kwenye jina, ingawa najua uko kambini na jina haliwezi kuwa lako. Wenzangu wanadhani mimi ni mwangalifu sana.

Naogopa, Dada. Hilo ndilo neno. Ningelisema Machi, lakini kila nilipolianza nilikusikia ukisema "Karani" kwa ile sauti.

Baada ya barua yako nilipanda mlima kwa miguu, Jumapili, kutoka kwenye mstari wa kuanzia hadi juu. Nilitaka kuona kama ni kweli. Ni kweli. Hakuna mahali pa kasi ya mwisho. Nilisimama kila kona nikijaribu kufikiri injini itakuwa inazunguka kiasi gani ukitoka pale, na kila jibu lilikuwa lilelile. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia barabara mbele ya nyumba yake aliniuliza nimepoteza nini. Nilimwambia sijui, nimekuja kuangalia kama bado kipo. Alinipa maji.

Kwa hiyo nachagua tena ingawa umenikataza, na safari hii nakwambia wewe, si fundi. Ukiniuliza manifoldi ipi, ni ile ndefu, nikijua kwamba italifanya gari kuwa kali zaidi mlimani. Lakini fundi asiifunge na kuondoka. Bomba la silinda ya nne liko mbali na koo, na rafiki yake lazima apime kila silinda peke yake, injini ikiwa moto, kabla hujaikanyaga. Hilo nitalisimamia mwenyewe ukiniruhusu. Na ukiniuliza ninachotaka, nataka usipande.

Ni maswali mawili na majibu mawili. Kosa langu ni kwamba nilichukua jibu la swali moja nikalifunga kwa boliti kwenye lingine.

Mama haoni ninapoandika. Anadhani ni mambo ya kazi.

Mdogo wako


Kambini, 11 Mei

Mdogo wangu,

Lori lilikwama kwenye tope, barua yako imekaa njiani siku nyingi. Dereva ameileta ikiwa imelowa pembeni, ila maneno yote yamesalimika. Nimeisoma ndani ya greda, chakula cha mchana, mlango umefungwa.

Jibu la manifoldi nimelipokea. Nimeshamwandikia fundi: aifunge ndefu, na asigeuze hata boliti moja ya silinda ya nne bila wewe kuwepo. Nimemwambia sasa wewe ndiye bosi wake. Atanung'unika. Mwache anung'unike, ndiyo namna yake ya kupumua.

Jibu la pili nalo nimelisoma. Nitapanda. Sikwambii kwa ukali, nakwambia kama dada. Mimi siogopi. Nikishakaa kwenye usukani kila kitu kinanyamaza, sijui nikueleze vipi. Wewe unaona gurudumu hewani. Mimi ndani nilikuwa naona tu usukani, na usukani nilikuwa nao mkononi.

Lakini nisikie. Sikukasirika kwa sababu unaogopa. Nilikasirika kwa sababu fundi alijua kabla yangu. Siku nyingine ukiogopa uniandikie mimi kwanza, hata kama ni mstari mmoja, hata kama najua nitakuita Karani kwa ile sauti. Sikujua kwamba nina ile sauti.

Likizo yangu imekubaliwa, nitakuja wiki ya mashindano. Mwambie Mama asianze kupika leo.

Dada yako


Nyumbani, 25 Juni

Dada,

Natumaini umefika kambini salama na mpishi hakukununia kwa kuchelewa. Mama amekuwa mkimya kidogo tangu uondoke, lakini jana alimweleza jirani kwamba binti yake ni wa nne mlima mzima, na jirani alipouliza wa nne kati ya wangapi alisema hayo ni mambo ya makarani.

Fundi Moshi bado analaumu matairi. Anasema kwa ile manifoldi ulipaswa kuwa wa kwanza au wa pili, na kwamba sasa anaamini mabomba marefu kama vile ameyabuni yeye. Amewaambia wateja wawili. Mmoja wao ana gari la kubebea mboga, kweli kabisa, na fundi anataka kumwekea.

Nina jambo la kukuuliza, na uliniambia nikuandikie wewe kwanza.

Unajua niliomba nisimame palepale kona ya tangi, nawe hukuniuliza kwa nini, nikashukuru. Zile jioni zote tulizopima silinda, mimi na fundi na rafiki yake, nimeizoea injini yako. Naujua mlio wake ikivuta, na naujua mguu ukitoka. Siku ile nilikusikia ukitoka kona ya chini kama ulivyosema, kama imepigwa teke. Watu walipiga kelele. Halafu kwenye kipande kilichonyooka, mbali kabisa kabla ya tangi, mguu ulitoka. Si kidogo. Injini ilishuka hadi nikasikia ndege. Barabara ilikuwa safi, tulikuwa tumeifagia mara mbili kwa ajili ya kokoto. Ukapita mbele yangu taratibu, umenyooka, ukakanyaga tena baada ya kona. Pale ndipo ulipopoteza nafasi. Juu ulipoulizwa ulisema matairi yaliteleza. Matairi hayakuteleza, Dada. Nilikuwa hapo.

Sijamwambia mtu. Silalamiki, na Mungu anajua nilivyojisikia ulipopita. Lakini sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sababu ni hii. Uliniambia huogopi, kwamba ukishika usukani kila kitu kinanyamaza. Je, ni barua yangu iliyovunja ule ukimya? Kama ni maneno yangu yaliyokuwa yamekaa juu ya mguu wako, basi nimefanya kwa kalamu kilekile nilichoshindwa kukifanya kwa mabomba na boliti, na nimekuharibia kitu ambacho sijui namna ya kukirudisha. Kama ndivyo, niambie. Nitakwenda kusimama mahali pengine mwaka ujao, au nitabaki nyumbani na Mama, na sitaandika tena habari za hofu.

Usinihurumie kwenye jibu.

Mdogo wako


Kambini, 4 Julai

Mdogo wangu,

Usijipe cheo. Barua yako haina nguvu ya kuinua mguu wangu. Mguu wangu una kiatu kizito.

Nimeanza kwa mzaha, na nilitaka niendelee hivyohivyo hadi mwisho wa ukurasa, halafu nikasaini. Nimeichana karatasi hiyo. Hii ni ya pili.

Unataka kujua kwa nini nilikuachia wewe uchague manifoldi? Nilikwambia ni kwa ajili ya fizikia yako. Mwaka jana, kabla sijaja huku, nilikwenda gereji kuitazama na fundi ile manifoldi iliyopasuka. Aliiweka mezani. Nikauona ule ufa, nikatoka nje, nikamwambia nimesahau pochi. Sikurudi. Huku kambini, greda likiteleza kidogo tu kwenye tuta, mikono inabana usukani hadi msaidizi wangu ananiuliza kama naumwa. Nawaambia ni baridi. Nilipokwambia siogopi nilikuwa nakuandikia ndani ya greda lililozimwa, kwa sababu asubuhi ile nilishindwa kuliwasha.

Na kile kicheko nilipofungua mlango, unasema uso wangu ulikuwa unakuomba ucheke. Uliuona vizuri. Watu walikuwa wanatazama, na nilijua nikiacha kucheka nitalia mbele ya wanaume wote wale ambao wangesema, "Ni mwanamke, lakini..." na safari hii wangeimaliza sentensi.

Kwa hiyo siku ya mashindano, kwenye kile kipande kilichonyooka, hakuna kilichonyamaza. Hofu ilikuja yote. Hata bila barua yako ingekuja. Ilikuwa inakuja tangu Machi, tangu kabla ya Machi. Tofauti ni moja tu. Mwaka jana ningekanyaga. Ningekanyaga kwa kuogopa kwamba wataona naogopa, na sijui leo ungekuwa unafungua faili la nani. Mwaka huu niliinua mguu, kwa sababu pale konani alikuwepo mtu mmoja ambaye angesikia, na nikajua kwamba akisikia hatanicheka.

Usiende kusimama mahali pengine.

Wengine niliwaambia matairi. Wewe nakwambia.

Dada yako